Si Soko Linaloua Kumbi Ndogo

Kila ukumbi mdogo wa muziki unapofungwa Uingereza, hutajwa sababu ile ile: soko limeamua. Eti watu wana simu zao na hawana haja ya kusimama gizani kusikiliza bendi wasiyoijua; wapenzi wa muziki wako kwenye kumbi kubwa, ambako tiketi hugombaniwa. Dai hili ni la uongo, na linawafichia aibu waharibifu.

Cavern Club ya Liverpool, ambako Beatles walipiga karibu mara 300, ilifungwa mwaka 1973 kwa sababu shirika la reli lilitaka eneo lake ili lichimbe shimo la kupitishia hewa ya njia ya chini ya ardhi. Jengo likabomolewa, shimo lenyewe halikuchimbwa. Mwaka 1984 klabu ikajengwa upya, na leo watalii wanamiminika. Astoria ya London, iliyopokea watu wapatao 2,000, ilifungwa Januari 2009 kupisha reli ya Crossrail. Soko liliamua lini hapo?

Manchester inatisha zaidi. Night & Day Café inapigisha muziki tangu 1991. Mwaka 2021 manispaa iliipa amri ya kupunguza kelele kwa malalamiko ya jirani aliyeikuta pale, na kesi ikaburuzwa hadi 2024. Mei mwaka huo huo, Co-op Live, ukumbi wa watu zaidi ya 23,000, ukafunguliwa jijini humo. Walioufungua ni Elbow, bendi iliyokulia kwenye majukwaa madogo kama la Night & Day. Mchumia juani hulia kivulini, walisema wahenga. Hapa mmoja anachuma juani, mwingine anakula kivulini.

Hesabu zinathibitisha. Kwa takwimu za Music Venue Trust, shirika linalotetea kumbi ndogo, mwaka 2023 kumbi ndogo 125 ziliacha kupigisha muziki, na faida ya wastani ya kumbi ndogo zote ilikuwa nusu asilimia tu. Moles ya Bath, iliyowahi kuwapokea Oasis na Ed Sheeran, ilifungwa Desemba mwaka huo, ikilemewa na gharama. Kodi ya pango, umeme na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 20 kwenye tiketi humaliza mapato hata ukumbi ukijaa.

Mwaka 2024 kamati ya Bunge ilitaka kila tiketi ya kumbi kubwa na viwanja ichangie kumbi ndogo. Serikali ikaunga mkono, ila kwa hiari. Hiari haitoshi: mchango huo uwe wa lazima. Na kanuni kwamba anayejenga nyumba jirani na ukumbi ndiye agharimie kuzuia sauti, iliyomo kwenye sera ya mipango miji ya England tangu 2018, ipewe nguvu kamili ya sheria. Kumbi hizi zinauawa na maamuzi ya watu wenye vyeo na majina, na wenye vyeo hao wanaweza kuyabadilisha.