Mwanafunzi Akija na Kinasa Sauti, Mpeni Kiti

Ndugu zangu wa Osiri, wa Nyatike nzima na wa upande wa Homa Bay, nina ombi kwenu, na ninaliomba kwa moyo wote.

Asubuhi moja kwenye machimbo ya Osiri Matanda niliketi karibu na kina mama wanaoosha mchanga wa dhahabu. Mmoja alikuwa ameinamia karai, analizungusha polepole, maji yanachukua tope na kuacha chini mstari mweusi wenye chembe zinazometa. Kwa mwenziwe alizungumza Dholuo, lugha yetu sisi Waluo. Mnunuzi alipofika, bei ikapatanwa kwa Kiswahili. Kijana mwenye gunia la mawe begani akapita, naye mama akampazia sauti: "Jamwa, ningoje!" Kijana akacheka, akangoja. Ni Mkisii, yuko machimboni kwa miaka, na Dholuo yake inawashinda wengi wa watoto wetu waliokulia mjini.

Nikabaki na lile neno. Jamwa, yaani mtu asiye wa kabila letu. Asubuhi ile lilikuwa utani wa watu wanaokula pamoja. Neno hilohilo likitamkwa wiki ya uchaguzi, na mdomo mwingine, mtu huanza kufunga mizigo usiku. Hata jadak, tunavyomwita aliyepewa mahali pa kukaa kwenye ardhi ya wengine, ni neno linaloweza kumfuata mtu hadi kwa wajukuu wake, ingawa wamezaliwa hapahapa na wamezika hapahapa.

Wapo watu ambao kazi yao ya maisha ni kuchunguza maneno kama hayo: yametoka wapi, yanamjenga nani na kumbomoa nani. Ni wasomi wa lugha, ukabila na mawasiliano. Nasema bila kuficha kwamba hatujawapa heshima yao. Mtoto akitangaza anataka udaktari, tunachinja kuku. Akisema anataka kusomea namna makabila yanavyosemezana, tunamuuliza atakula nini.

Nawakumbusha Profesa Duncan Okoth Okombo, mwana wa kisiwa cha Rusinga, aliyefariki mwaka 2017. Alifundisha isimu Chuo Kikuu cha Nairobi, akaandika sarufi ya Dholuo, na mwaka 1991 akawa miongoni mwa walioanzisha utafiti wa Lugha ya Ishara ya Kenya pale chuoni. Lugha hiyo leo imetajwa katika Katiba. Kisha mwaka 1999 akachapisha makala kuhusu lugha na utambulisho wa Abasuba, na hapo ndipo anapotugusa sisi moja kwa moja. Wazee wa Abasuba walivuka Ziwa Viktoria kutoka upande wa Uganda, wakakaa Rusinga, Mfangano na nchi kavu hii yetu, wakaoa na kuolewa na Waluo, hata Dholuo ikawa lugha ya nyumbani na Olusuba, lugha yao ya asili, ikabaki kwa wachache. Je, mtu akipoteza lugha bado ni yule yule? Swali hili si la darasani tu. Ni la maboma yetu, kwa kuwa wengi wetu tunaojiita Waluo tuna bibi au babu aliyesema Olusuba, na hatukumuuliza kitu.

Ukweli huo, ukifundishwa vizuri, humtuliza mtu. Anayejua kwamba damu yake imechanganyika hamfukuzi jirani kirahisi.

Tumeona kinachotokea ukweli huo ukikosekana. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 zaidi ya watu 1,100 waliuawa nchini na mamia ya maelfu wakahama makwao. Baadhi ya redio za lugha za mama zilinyoshewa kidole kwa namna zilivyowasha hasira. Sheria ya uwiano na utangamano ikapitishwa mwaka 2008, na anayetoa matamshi ya chuki anaweza kutozwa faini ya hadi shilingi milioni moja au kufungwa hadi miaka 3. Ni sheria njema. Lakini hakimu huletewa neno likiwa limeshaumiza. Mwalimu ndiye anayelifikia mapema, likiwa bado mzaha wa watoto njiani.

Na mwalimu huyo hatuhitaji kumtafuta mbali. Chuo Kikuu cha Rongo, kilichopata hati yake mwaka 2016, kiko humu kaunti ya Migori. Kinafundisha mawasiliano, na kina kituo cha vyombo vya habari, demokrasia, amani na usalama, alichokianzisha Profesa Fredrick Ogenga. Kazi hizo zinafanyika katika kaunti ileile yenye mashimo ya Osiri, na machimboni pale wamo Waluo, Wakuria, Wakisii, Waluhya na ndugu zetu kutoka Tanzania, kila siku wakipatana bei, wakitaniana, wakigombana na kupatana tena. Maktaba gani ina utajiri huo?

Kwa hiyo nawaomba. Wahadhiri, waleteni wanafunzi wenu machimboni, wakae siku kadhaa, na matokeo yakitoka mrudi kuyasoma mbele ya watu waliowapa maneno yao, kwa lugha wanayoielewa. Kamati za basari, msimnyime mtoto kwa sababu tu hakuchagua uhandisi. Wazazi, yule binti anayeuliza kwa nini jirani anaitwa hivi, msimnyamazishe.

Nanyi wazee wa Gwassi, wa Kaksingri na wa visiwani ambao bado mnasema Olusuba, msingoje mgeni. Jioni ya leo mwiteni mjukuu mwenye simu, abonyeze kitufe cha kurekodi, nanyi mmhesabie moja hadi kumi, mmtajie majina ya samaki, kisha mmwambie mlitoka wapi.

Mwanafunzi akibisha hodi na kinasa sauti chake, mkaribisheni ndani, mpeni kiti na chai, mwambieni kweli.