Haki za Mwenzako wa Vitabu

Liko neno linalosemwa sana siku hizi vijiweni na majumbani, kwamba rafiki uliyempata kwa njia ya simu si rafiki. Ni jina na picha tu, leo yupo kesho hayupo. Neno hilo linawafaa matapeli, na matapeli wapo tele. Lakini leo nawatetea watu wa namna nyingine kabisa. Nawatetea wasomaji ambao kwa miaka kumi na zaidi wamekuwa wakizungumza kila siku juu ya riwaya na diwani, mmoja yuko Tanga, mwingine Mombasa, mwingine Muscat, mwingine Toronto, na ambao kwa kuzungumza vitabu wamefika mahali pa kujuana hali zao za nyumbani kuliko wanavyojuana na watu wa mtaa wao. Nasema hao ni majirani kwa maana yote ya ujirani. Na kama ni majirani, basi wana haki, na haki hizo wengi wetu hatuzitimizi.

Jambo lenyewe si geni kwetu. Gazeti la Mambo Leo lilipoanza kutoka Dar es Salaam mwaka 1923, washairi ambao hawakuwa wamepata kuonana walijibizana humo kwa tungo. Huyu atauliza suala, yule atamjibu katika toleo la baadaye, wa tatu ataingia kuwasuluhisha. Wako waliojuana kwa vina na mizani kabla ya kujuana kwa sura. Wakaja marafiki wa kalamu, kisha wakaja watu wa salamu, waliokuwa wakinunua kadi, wakizijaza majina ya wenzao wa mikoa mingine, na kuzipeleka redioni ili zisomwe. Waulizeni wazee wa salamu watawaambia jinsi walivyopanda mabasi kwenda kumzika mtu ambaye walimjua kwa jina lililosomwa na mtangazaji. Hawakuambiwa na yeyote kwamba urafiki wao ni wa hewani. Walijua wajibu wao wakautekeleza.

Sasa mtu ataniuliza: kwa nini vitabu hasa, wala si mpira au siasa? Kwa sababu kitabu kinampa mtu njia ya kusema mambo ya kwao bila kujianika. Nani anaweza kuingia katikati ya watu akaanza tu kusema, baba yangu alikuwa akinipiga? Lakini wasome pamoja Rosa Mistika, kitabu cha Euphrase Kezilahabi cha mwaka 1971 ambacho kilipata kupigwa marufuku shuleni, wafike pale Zakaria anapompiga binti yake kwa sababu ya barua ya mvulana, ndipo utawasikia. Mwanamume mmoja atasema mzee alikuwa na haki ya kulinda nyumba yake. Atamjibu mama wa makamo kwamba yeye naye alipigwa kwa barua ambayo hata hakuijua imetoka wapi, na kwamba tangu siku hiyo hakumwambia baba yake neno la moyoni mpaka alipomzika. Hapo mazungumzo si ya Rosa tena. Na yule mwanamume, ambaye ana mabinti watatu, atanyamaza siku nzima, kisha jioni atauliza kwa adabu: dada, ungependa baba yako angefanya nini?

Nimeyashuhudia haya kwa miaka mingi, na ndiyo yanayonipa ujasiri wa kuandika. Nimeona Utengano ya Said Ahmed Mohamed ikiwafungua midomo wanawake waliolelewa ndani ya kuta kama Maimuna, na baba zao wakiheshimika nje kama Bwana Maksuudi. Nimeona Kuli ya Adam Shafi, yenye habari za mgomo wa wachukuzi wa bandari ya Unguja wa mwaka 1948, ikimfanya mtu wa Mombasa aanze kusimulia habari za babu yake aliyebeba magunia Kilindini, mambo ambayo wajukuu wenyewe wa mzee yule hawakuwahi kuyauliza. Mtu aliyekupa habari kama hizo amekukabidhi amana. Ndiyo maana nasema kwa ukali: anayeyapiga picha maongezi ya namna hiyo na kuyapeleka kwa watu wengine, hata kama ni kwa mke wake au kwa rafiki yake mpenzi, amefanya hiana. Msimamizi wa kundi akimwondoa asilaumiwe.

Halafu kuna yale madogo ya kila siku, ambayo kwangu mimi ndiyo yanayojenga nyumba. Asubuhi mmoja anasema umeme umekatika tangu usiku, kwa hiyo sura ya tano ameisoma kwa kandili. Wa Muscat, ambaye saa yake imetangulia yetu kwa saa moja, anasema joto limezidi, amejifungia ndani na riwaya ya Vuta n'kuvute. Wa Toronto anaamka alfajiri wakati sisi tunapakua chakula cha mchana, anakuta tumekwisha kubishana na kupatana, naye anaanza upya. Mtoto wa fulani amefaulu darasa la saba. Mvua imeingia kwenye kabati la vitabu la fulani, tunaulizana namna ya kuzikausha kurasa zisishikane. Wako wanaotaka mambo haya yazuiwe, wanasema kundi ni la vitabu na vitabu tu. Naheshimu nia yao ya kutaka utaratibu, lakini wamekosea.

Tazameni mfano wa Shaaban Robert. Kazi ya serikali ilimhamisha huku na huku, naye akawa anamwandikia mdogo wake Yusuf Ulenge. Barua hizo za miaka ya 1931 hadi 1958 zilichapwa kitabu mwaka 2002. Humo mambo ya jamaa, mambo ya kazi na mambo ya uandishi yanakwenda pamoja, wala mwandishi hakuona haja ya kutenga waraka wa fasihi na waraka wa nyumbani. Alikuwa mtu mmoja, mwenye vitabu na mwenye jamaa. Mwenzako naye ni mtu mmoja. Ukitaka maoni yake juu ya riwaya wala hutaki kusikia kwamba mama yake amelazwa, umemfanya mtumishi wako.

Haki inayosahauliwa kuliko zote ni ya mtu kuulizwa anaponyamaza. Mtaani mlango usipofunguliwa siku mbili, majirani wanabisha hodi. Kwenye simu mtu ananyamaza mwezi, na kila mmoja anadhani amebanwa na shughuli, au amechoka nasi. Nalijua kundi moja ambalo mwenzao mmoja, mtu aliyekuwa hakosi kutoa neno kwa kila kitabu, alikaa kimya hivyo, wakaendelea kusoma. Walipokuja kupata habari, arubaini ilikuwa imekwisha kusomwa. Watoto wake hawakujua kwamba baba yao alikuwa na watu hao. Simu ilikuwa imefungwa kwa namba ya siri aliyoijua yeye peke yake, na ndani yake walikuwamo marafiki wa miaka mingi waliokuwa wakisubiri maoni yake juu ya riwaya ya Nagona.

Kwa hiyo nawasihi mfanye mambo mawili leo, kabla gazeti hili halijafungiwa vitumbua. Mwambie mtu wa nyumbani kwako, mume, mke au mtoto, kwamba unao wenzako wa vitabu, umtajie majina na umwonyeshe namba. Kisha wape wenzako wawili namba ya huyo mtu wa nyumbani. Basi. Jambo hili halihitaji katiba wala mweka hazina. Na mtu akinyamaza wiki moja, apigiwe simu kwa sauti, asitumiwe meseji ya kumtania kwamba amepotea. Anayeugua hana nguvu za kujibu utani.

Msiba ukitokea, msiseme tuko mbali. Ile methali ya fimbo ya mbali kutokuua nyoka ilikuwa na nguvu kubwa zaidi kabla M-Pesa haijaanza Kenya mwaka 2007 na kufika Tanzania mwaka uliofuata. Leo rambirambi ya watu ishirini inafika kwa mfiwa kabla turubai halijafungwa. Lakini fedha peke yake haitoshi, na hapa nataka nieleweke vizuri. Mfiwa anayo mikono ya kumpokelea fedha. Asichokuwa nacho ni mtu wa kuzungumza naye usiku wa siku ya kumi, wageni wote wakiwa wamerudi kwao. Hapo ndipo rafiki wa vitabu anapoweza kumfaa kuliko jirani wa ukuta kwa ukuta, maana huyo jirani amelala, na wewe wa Toronto kwako bado ni jioni.

Naja kwenye jambo litakaloniletea lawama. Wengi wetu tunapeana vitabu vizima kwa faili la simu, vimepigwa picha ukurasa kwa ukurasa, tukidhani tunafanyiana ihsani. Mwandishi wa Kiswahili aliye hai, ambaye kitabu chake kinauzwa leo dukani, naye ni mwenzetu katika jamaa hii. Tena bila yeye tusingejuana. Kumlisha rafiki kwa kumnyang'anya rafiki mwingine si ukarimu. Sheria ya hakimiliki ya Tanzania ya mwaka 1999 inalikataza jambo hili, lakini hata isingelikataza, aibu ingetosha. Najua mtaniambia vitabu havipatikani, na vinapopatikana ni ghali. Ni kweli, hasa kwa aliye mbali na miji mikubwa. Basi nunueni nakala tatu kwa mchango wa watu kumi, zisomwe kwa zamu. Kifurushi kinasafiri kwa basi kutoka Dar es Salaam hadi Songea kwa fedha isiyozidi uwezo wetu, na kitabu kilichopita mikononi mwa watu wanne, kila mmoja akiwa ameweka tarehe na jina lake kwenye jalada la ndani, kinakuwa na thamani ambayo faili halina. Kuhusu vile vya zamani ambavyo hakuna mchapishaji anayevichapa tena, tusikae tukinung'unika. Tuwaandikie wachapishaji, tena kwa majina yetu na kwa wingi, tuwaambie ni vitabu gani tunavitaka na kwamba tutavinunua. Wauza vitabu wanasikia sauti ya mnunuzi upesi kuliko sauti ya mhakiki.

Na kundi lisiwe kubwa. WhatsApp inaruhusu watu 1,024 kukaa mahali pamoja. Huo ni mkutano wa hadhara. Watu ishirini au thelathini wanaojuana, wanaoitana kaka, dada, mwalimu na shangazi, na ambao kila mmoja anajua mwenzake ameishia ukurasa gani, wanatosha kabisa. Wengine wakitaka kuingia, waanzishe lao, nanyi muwape mwongozo.

La mwisho ni kuonana. Helene Hanff, mwandishi wa New York, alianza mwaka 1949 kuandikiana na duka la vitabu vya zamani la Marks & Co la London. Aliyemjibu sana ni Frank Doel, muuzaji wa dukani humo. Uingereza ilikuwa bado inakula kwa mgao baada ya vita, na yule mama akawa anawatumia nyama na mayai watu wa duka zima. Wao wakamtumia vitabu, na habari za wake zao na watoto wao. Miaka ikapita wakiandikiana. Kila alipotaka kwenda kuwaona, kulikuwa na dharura: mara fedha hazitoshi, mara meno yanataka kutengenezwa. Frank akafariki Desemba 1968. Hanff alifika London mwaka 1971, akapokewa na mjane na binti wa marehemu, na duka lilikuwa limekwisha kufungwa. Watu wengi wanaisoma habari hiyo katika kitabu chake na kuiona tamu. Mimi naiona ni onyo, kwa sababu safari ile iliwezekana.

Zetu zinawezekana zaidi. Kati ya Tanga na Mombasa kuna mpaka mmoja tu, wa Horohoro na Lunga Lunga, na mabasi yanapita kila siku. Wa Muscat huja kusalimia jamaa Unguja, wa Toronto huja likizo. Katika hesabu ya siku zao za safari watenge siku moja kwa ajili ya wenzao wa vitabu, wasimalize zote kwa ndugu wa damu. Chagueni kitabu kimoja, wekeni tarehe sasa hivi mkiwa bado mnakumbuka, wenye nafasi wawalipie nauli wasio na nafasi bila kutangaza, na kila mmoja aje na mtu mmoja wa nyumbani kwake, ili jamaa zetu nao wawajue kwa sura watu ambao siku ya shida ndio watakaopigiwa simu.