Nasaba ya Kambi

Msafiri apandaye kutoka Eldoret kuelekea Kaptagat, akiingia katika baridi ya msitu, na kumwuliza mwenyeji wanakolala wale wakimbiaji mashuhuri wa dunia, ataambiwa kwamba wako kambini; na kambi hiyo haina hema, wala bunduki, wala gwaride. Ni nyumba za kudumu, katika kimo cha mita 2,400 hivi juu ya bahari, ambamo vijana, hata walio na majumba ya fahari mjini, hukaa pamoja siku za kazi, wakifagia ua na kusafisha vyoo kwa zamu, chini ya mwalimu Patrick Sang, mshindi wa medali ya fedha huko Barcelona mwaka 1992. Ndimo alimoiva Eliud Kipchoge, aliyemaliza masafa ya marathoni mjini Vienna tarehe 12 Oktoba 2019 kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40.

Walio wengi miongoni mwetu, wakiulizwa asili ya neno kambi, hujibu upesi kwamba ni la Kiingereza. Waingereza nao walilitwaa kwa Wafaransa, Wafaransa kwa Waitalia, na mzizi wao wote ni campus ya Kilatini, yaani uwanda. Na uwanda uliovuma kupita zote ulikuwa ule wa Roma, kando ya mto Tiber, uliowekwa wakfu kwa Mars, mungu wa vita, ambapo majeshi yalikusanyika na vijana wakazoea silaha na mbio. Katika mzizi huo Wafaransa walipata champ, yaani konde. Wajerumani Kampf, yaani mapambano. Vyuo vikuu vikapata kampasi. Na Waingereza, kwa njia hiyohiyo, wakapata champion, ambaye asili yake ni mtu ashindanaye uwanjani. Basi kambi na bingwa, walalao Kaptagat chini ya paa moja, huko Ulaya ni watoto wa ukoo mmoja.

Nasaba hiyo ni tamu, lakini siiridhii yote. Richard Burton, aliyesafiri na misafara ya bara tangu 1857 hadi 1859, aliliandika neno khambi kwa maana ya kituo cha wapagazi, chenye vibanda na boma la miti. Stanley naye, alipokuwa akimtafuta Livingstone mwaka 1871, aliliandika vivyo hivyo. Zama hizo Mwingereza hakuwa na gavana wala skuli njiani kwenda Unyanyembe katika nchi ya Wanyamwezi, na si rahisi kusadiki kwamba wapagazi wa Kinyamwezi walingoja kufundishwa naye jina la mahali walipolala kila usiku. Wareno, walioitawala Mombasa hadi 1698, walikuwa na campo yao zamani kabla ya hapo, na anayeshikilia Kiingereza ni juu yake kutueleza kwa nini anawaruka hao.

Kisha wako Wamijikenda, ambao makaya yao yaliingizwa katika urithi wa dunia mwaka 2008. Kwao kambi si mahali hata kidogo: ni wazee wenyewe, baraza la waliokwisha kupanda daraja zote, wenye kauli ya mwisho katika mambo ya kaya. Kuwatia wazee hao na hema la askari katika kidahizo kimoja ni kuwadhulumu.

Nawasihi basi watungaji wa kamusi, wa BAKITA, wa TATAKI na wa vyama vyetu vya Kenya, kwamba katika matoleo yajayo waitenge kambi ya wazee na kuitaja kwa asili yake, waiondolee kambi ya msafara muhuri wa Kiingereza mpaka ushahidi wa Burton ujibiwe, na waiongeze maana ya tatu, ile ya Kaptagat, ambayo magazeti yetu huitumia kila msimu wa mbio.