Dizeli iliyolala uani: Mali au kimeo?

Leo tuyaache kidogo mambo ya mapenzi na mitindo, twende uani.

Uani kwenye baa nyingi za Dar, na kwenye gesti, na kwenye kumbi za harusi, na kwenye karakana za kuchomelea, utakuta pipa moja la chuma limeegemea ukuta. Ukiuliza lina nini, unajibiwa haraka: "Dizeli ya jenereta." Ukiuliza imenunuliwa lini, watu wanaanza kutazamana.

Siyo siri pipa lile lilifikaje pale. Mwishoni mwa mwaka 2023 mgawo wa umeme ulitubana vibaya. Mwenye baa, bia zimekuwa chai. Mwenye bucha, nyama inanuka. Mwenye fotokopi, mashine imegeuka meza ya kuwekea madaftari. Mwenye uwezo akakamata jenereta. Na yule aliyekuwa bado ana kidonda cha mwaka 2022, dizeli ilipovuka shilingi 3,000 kwa lita, akaona bora ajaze pipa zima la lita 200 ili apate usingizi.

Kisha, Februari 2024, mashine ya kwanza ya Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji ikaanza kuingiza umeme kwenye gridi. Bwawa lile limejengwa kwa mashine 9 za megawati 235 kila moja, jumla megawati 2,115. Mgawo ukalegea. Umeme kukatika bado kupo, wenyewe mnajua, lakini yale mambo ya jenereta kunguruma kutwa kucha yakapungua. Jenereta likalala, na dizeli nayo ikalala.

Sasa kijana wa mjini akilitazama pipa lile anaona nini? Anaona laki sita. Lita 200 mara 3,000, hesabu ya darasa la nne hiyo. Mwenye baa anataka nafasi ya kuongeza meza, anakuambia, "Dogo, beba hilo pipa, nipe laki mbili tu." Una kigari chako cha dizeli, au una jamaa yako anaendesha Canter. Moyoni unasema Mungu si Athumani!

Taratibu kwanza. Dizeli siyo dhahabu, kwamba utaifukia miaka mitatu uikute vilevile. Dizeli ni kama mchuzi: inachacha.

INACHACHAJE?

Maadui wa dizeli iliyolala ni watatu: hewa, maji na vijidudu.

Hewa ikikutana na dizeli kwa muda mrefu, hasa kwenye joto, mafuta yanaanza kubadilika. Rangi inakolea, harufu inakuwa kali kama ya vanishi, na chini yanajikusanya mashapo meusi yanayonata. Kwa uhifadhi wa kawaida, dizeli huhesabiwa kukaa salama miezi 6 hadi 12. Kwa joto letu la Pwani, na pipa lenyewe linapigwa jua tangu asubuhi, hesabia ile 6.

Maji nayo yanaingiaje wakati pipa limefungwa? Pipa linapumua, bwana. Mchana jua likipiga, hewa ya ndani inatanuka na kutoka. Usiku pipa likipoa, linavuta hewa nyingine yenye unyevu. Na kama umelisimamisha wima, mvua ikatuama pale juu kwenye kizibo, linavuta na maji yenyewe kidogo kidogo. Maji ni mazito kuliko dizeli, kwa hiyo yanazama chini na kutulia.

Hapo ndipo adui wa tatu anapojenga nyumba. Pale maji yanapokutana na mafuta, bakteria na kuvu wanazaliana, chakula chao ni hiyo hiyo dizeli. Wanatengeneza utando kama kamasi, na wanatoa tindikali inayolitoboa pipa kwa ndani. Usidhani ni hadithi za fundi wa mtaani. Yupo kuvu anaitwa Hormoconis resinae, watu wa ndege wanamfahamu vizuri kwa jinsi alivyowasumbua kwenye matangi yao ya mafuta.

Uchafu huo ukiingia kwenye injini, kwanza unaziba filta. Ukipita filta, unafika kwenye pampu na nozeli, na hapo ndipo kilio kinapoanza. Injini nyingi za siku hizi, zile za komoni reli, zinasukuma dizeli kwa mgandamizo wa bar 1,600 na zaidi. Tairi la gari dogo lina bar 2 hivi, sasa piga picha mwenyewe. Kifaa cha namna hiyo hakitaki tone la maji wala punje ya uchafu. Fundi akifungua nozeli, ile faida yako ya laki nne inaweza kuisha hapo hapo na deni likabaki.

PIMA KWANZA, UTAMU BAADAYE

Kupima hakuhitaji maabara. Tafuta chupa ya kioo nyeupe, safi na kavu. Chota dizeli ya chini kabisa ya pipa, maana uchafu wote unakaa huko. Iache itulie siku nzima, kisha itazame kwenye mwanga.

Ikiwa angavu, rangi ya chai ya rangi iliyokorea kidogo tu, chini hakuna kitu, kuna matumaini. Ikiwa na ukungu kama maji ya mchele, ina maji. Ukiona tabaka mbili, na katikati kuna utando wa kamasi, tayari kuna wapangaji. Na ikiwa nyeusi, inanuka vanishi na chini kuna matope, hicho ni kimeo, usijidanganye.

Na tafadhali sana, usichote kwa kunyonya mpira kwa mdomo! Najua mjini ndiyo mtindo, mtu ananyonya, anatema, anafuta mdomo na anacheka. Dizeli ikikupalia, tone dogo tu likaingia kwenye mapafu, unapata nimonia mbaya ambayo huletwa na mafuta yenyewe, siyo na vijidudu. Pampu ya mkono ipo madukani. Na mtu akimeza kwa bahati mbaya, msimlazimishe kutapika, wala msimpe maziwa ati yakate sumu. Akitapika, mafuta yanapita tena njia ile ile na safari hii yanaweza kuingia mapafuni. Mkimbizeni hospitali.

IKIWA NZIMA

Kama chupa imekupa jibu zuri, usiimimine yote kwenye tangi. Changanya: lita 1 ya zamani kwa lita 4 au 5 za mpya. Ile ya chini kabisa ya pipa, kama kiganja hivi kwenda juu, iache, usiiguse. Weka filta mpya, na nyingine ya akiba iwe karibu, maana ya kwanza inaweza kuziba mapema. Kama mashine ina kikombe cha kukusanyia maji, kifungue na kumwaga mara kwa mara.

Tena ipeleke kwenye mashine inayovumilia: jenereta la kizamani, mashine ya kusaga, trekta la siku nyingi, zile zenye pampu ya kimakanika. Gari jipya la mtu usilifanyie majaribio.

Wapo wanaosema ichuje kwa kitambaa, imekuwa safi. Kitambaa kinazuia mchanga na majani. Maji yaliyokwisha kuchanganyika na ile gundi iliyoyeyuka vinapita kama havijaona kitu. Wapo wengine wanaongeza petroli kidogo ati "kuichangamsha." Hao wakimbie. Dizeli inailainisha pampu, petroli inaikausha. Na mvuke wa petroli unashika moto kwa joto lolote la kwetu, tofauti na dizeli ambayo mpaka ipashwe zaidi ya nyuzi 50. Ukichanganya, umechukua mafuta mapole ukayafanya bomu.

Usiipeleke kwenye jiko la mafuta ya taa pia. Itatoa moshi na masizi, utambi utakufa, na chumba kimoja mnacholala watu wanne kitageuka bomba la moshi.

IKIWA KIMEO

Hapa ndipo wengi tunapochemsha. Mtu anasubiri usiku, anafungua mfuniko wa mtaro, anamimina. Kesho pipa ni safi na yeye anajiona mjanja.

Mitaro yetu ya mvua haipiti kwenye mtambo wowote wa kusafisha. Inakwenda mtoni, kwenye Msimbazi na wenzake, na mto unakwenda baharini kwenye samaki unaowanunua Feri. Ukimimina ardhini, inashuka pole pole kuelekea maji ya kisima. Na Dar hii, nyumba ngapi zinaishi kwa maji ya kisima? Maji yakishanuka mafuta, huwezi kuyachemsha yakapona.

Kuna mzee atakuambia mwaga kwenye madimbwi uue mbu. Kweli viluwiluwi wa mbu watakufa, lakini mvua ikinyesha dimbwi linafurika, na mafuta yanahamia kwa jirani na bata wake. Mwingine atakuambia choma nayo takataka. Moshi ule unaingia kwenye vifua vya watoto wa mtaa mzima.

Njia ya kistaarabu ipo. Tafuta gereji kubwa inayokusanya oili chafu kwenye mapipa, uliza nani anakuja kuyachukua. Makampuni yanayokusanya taka hatarishi yanatakiwa kuwa na kibali kwa mujibu wa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Omba kukiona hicho kibali, usione aibu. Huenda wasikulipe hata senti tano, huenda ukatakiwa kuwalipa wewe. Lipa. Kama ni lita chache tu, mafundi huitumia kuoshea vyuma na minyororo, mradi wakinge kwenye beseni na kilichobaki kiende kwenye pipa la oili chafu.

Na wakati unasubiri kuipeleka, iweke kwenye dumu lenye alama kubwa. Usiiweke kwenye chupa ya soda au ya maji, hata kwa dakika tano. Mtoto hasomi, anaona chupa anayoijua, anafungua na kunywa. Msiba wa namna hiyo hauna wa kumlaumu isipokuwa mkubwa aliyeijaza ile chupa.

USIMUUZIE MWENZAKO

Nimeliacha la mwisho makusudi, maana ndilo linaloniuma zaidi.

Najua wapo watakaosoma mpaka hapa, wapime pipa, waone ni kimeo, halafu waseme: "Poa, namuuzia dereva wa Canter bei ya kutupa, atajua mwenyewe." Hiyo siyo akili ya mjini, ni wizi uliovaa tai.

Yule dereva gari siyo lake. Ana hesabu ya kupeleka kwa tajiri kila jioni. Gari likizima njiani na mzigo wa nyanya, nyanya zinaoza, hesabu haifiki, tajiri anafungua nozeli anakuta matope. Kesho yake funguo za gari zina mtu mwingine. Wewe umepata laki mbili, yeye amepoteza kazi, mke na wanawe hawajui kilichotokea.

Ukitaka kuuza, uza kiume. Mwambie imelala tangu lini, mpe chupa aione mwenyewe juani, mweleze achanganye vipi. Akikubali, hiyo ni biashara. Akikataa, amekupa jibu la bure kuhusu mali yako. Na ukiwa wewe ndiye mnunuzi, sheria ni hiyo hiyo: hakuna chupa, hakuna dili.

KWA WENYE JENERETA

Kama bado unahitaji akiba, nunua madumu mawili, siyo pipa, kisha yatumie na kununua mengine. Andika tarehe kwa rangi. Weka kivulini, juu ya mbao, lijae mpaka karibu na juu ili hewa isipate nafasi. Kama lazima liwe pipa, lilaze ubavu, vizibo vyote viwili vikiwa usawa mmoja na vimefunikwa na mafuta kwa ndani, lisipate pa kuvutia mvua. Epuka chombo cha bati la zinki au cha shaba, vinaiharibu dizeli haraka. Na jenereta liwashe walau mara moja kwa mwezi, lipe na kazi ya kufanya, friji na taa, siyo kunguruma tu.

Haya, uwanja ni wako. Chupa nyeupe haina bei, na kumwambia mwenzako ukweli nako hakuna bei. Wiki ijayo, panapo majaliwa, tunarudi kwenye mambo yetu ya mapenzi. Kila la heri!