Viwanda vidogo vya nguo: Utaalamu usibaki kichwani mwa fundi

Kila ifikapo Desemba, kabla shule hazijafunguliwa Januari, karakana za kushona nguo jijini Dar es Salaam hukesha kuwahi soko la sare. Ni msimu wa fedha kwa wenye karakana, kwa wauzaji wa jumla wa Kariakoo na kwa waliotia mitaji yao midogo humo. Ni msimu huo huo ambapo mkataji hodari hunyemelewa na karakana jirani, akaongezewa ujira kidogo na kuhama. Cherehani zinabaki zote, majora ya kitambaa yanabaki, lakini kazi inadorora.

Mwenye karakana akiona hivyo hukimbilia kukopa ili anunue cherehani nyingine. Huko ni kutibu ugonjwa usiokuwepo. Kilichopungua ni ujuzi, na ujuzi huo haukuwahi kuwekwa popote isipokuwa kichwani mwa aliyeondoka.

Hasara yake inahesabika. Katika nguo za kawaida, kitambaa ndicho kinachokula sehemu kubwa ya gharama. Chukua mfano wa oda ya mashati 1,000 ya wanafunzi, kila shati likihitaji mita 1.4. Mkataji mzoefu anajua kigezo cha mkono kilale vipi ili kola ipatikane kwenye nafasi inayobaki. Mgeni hajui. Akipoteza sentimita 10 tu kwa kila shati, mita 100 zimegeuka vitambaa vya kufutia mashine, nazo zingetosha mashati 71. Faida ya oda inaweza kuwa imekwisha hata kabla sindano haijagusa nguo.

Wapo wanaosema kumfundisha mfanyakazi ni kumnoa kwa faida ya mshindani. Hoja hiyo si ya kupuuzwa, na Bangladesh inaonyesha ukweli wake. Mwishoni mwa miaka ya 1970 kampuni ya Desh, ya Noorul Quader, iliingia mkataba na Daewoo ya Korea Kusini na kupeleka wafanyakazi 130 Busan kujifunza kazi. Katika miaka ya 1980, 115 kati yao waliondoka, wengi wakaanzisha au kuendesha viwanda vyao. Lakini Desh haikufa. Mwaka 1980 ilitoa mashati 43,000; mwaka 1987 ikatoa milioni 2.3. Watu waliondoka, utaratibu wa kazi ukabaki kiwandani.

Hapo ndipo karakana zetu zinapokosea. Fundi ataondoka, afundishwe asifundishwe. Linalowezekana ni kuhakikisha anapoondoka, kazi haiondoki naye. Hilo halihitaji kompyuta wala mshauri wa gharama kubwa. Vigezo vya kila saizi vikatwe kwenye karatasi ngumu, viandikwe namba na kutundikwa. Kila oda iwe na ukurasa wake daftarini: kitambaa kilichotumika, namna vigezo vilivyopangwa, sindano iliyofaa, kasoro zilizorudishwa na mteja. Siku hizi simu ya mkononi inapiga picha ya meza ya kukatia kwa sekunde moja. Na kwa kuwa mafundi wengi mikono yao ni hodari kuliko kalamu zao, kola iliyoshonwa hatua kwa hatua na kubandikwa ukutani inamfundisha mgeni vizuri kuliko maelezo marefu. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Wamarekani waliwafunza maelfu ya wafanyakazi wapya wa viwandani kwa njia inayofanana na hiyo: kuigawa kazi katika hatua, na kutaja jambo la kuangaliwa katika kila hatua.

Kikwazo kikubwa kiko kwingine. Fundi si mjinga. Anajua siri yake ndiyo inayomlinda asifukuzwe, hivyo haitoi bure, na mwenye karakana anayeidai kwa amri ataambulia nusu yake. Italipiwa. Mkataji aongezewe ujira kwa kila kijana aliyemfundisha akaweza kukata peke yake, na sehemu ya kitambaa kilichookolewa igeuzwe fedha na kugawanywa. Wenye karakana wengi watanung'unika hapa, ingawa hao hao hawanung'uniki kulipa riba ya mkopo wa mashine zinazokaa bila kazi.

Kwa mwekezaji mdogo anayekaribishwa kuweka fedha katika karakana, kuhesabu cherehani hakutoshi. Aombe kuona daftari la oda ya mwaka jana. Kisha aombe, mkataji mkuu akiwa nje, mtu mwingine apange vigezo vya shati hilo hilo mezani, na mita zilinganishwe na zilizoandikwa.