Una baiskeli mbili, taa moja? Hebu tuongee

Mada ya leo haina kiki wala mtu kuachika, ila mi imenikaa moyoni wiki kadhaa sasa, acha niitoe.

Chanzo ni picha ya msanii mmoja wa hapa Bongo, jina kapuni, aliyeposti baiskeli zake tatu zimepangwa sebuleni. Kila moja ina taa yake mbele na nyuma, ina pampu yake, chupa yake ya maji na kufuli lake. Watu wakamshukia kama mwewe. Eti mbwembwe, eti hela za shoo zinamuwasha, mtu mmoja ana makalio mangapi mpaka awe na vitu vitatu vitatu? Nilicheka na mimi, nikaweka na kiemoji cha kucheka. Sasa hivi kile kiemoji natamani nikifute.

Na mimi ninazo mbili, ila siyo za sebuleni. Ya kwanza ni Phoenix, ile ndefu nyeusi yenye keria, ya kubebea ndoo za maji na kiroba cha unga. Ya pili ni ya gia, ya mtumba, niliinunua baada ya daktari kuniambia tumbo limetangulia mno. Hiyo naendesha Jumamosi na Jumapili alfajiri na jamaa zangu wawili. Taa nilikuwa nayo moja, nzuri tu, ya kuchaji, ya mkanda wa mpira. Unaivuta, unaichomoa huku, unaifunga kule, sekunde kumi umemaliza. Nilijiona mjanja kweli. Ya nini kununua mbili wakati sina miguu minne?

Jumapili moja nikarudi mazoezini, baiskeli ya gia nikaiingiza chumbani, nikalala. Jioni mama watoto akamtuma mpwa wangu dukani na Phoenix. Ametoka bado kuna mwanga. Sasa nyie mnaijua Dar, giza halibembelezi. Jua likishazama hupati hata nusu saa ya kujipanga, ni usiku. Kijana kakuta foleni dukani, kapiga stori kidogo kama vijana wanavyopiga, kurudi akapita ile kona yetu isiyo na taa. Bodaboda akamvaa. Yule wa bodaboda kwa kweli simlaumu sana, maana ndiye aliyembeba mpaka hospitali, na alisema neno moja tu, "Bro, sikumuona." Angemuona vipi? Phoenix nyeusi, gizani, haina hata rifleka, ilishang'oka zamani. Taa iko chumbani kwangu imefungwa kwenye baiskeli nyingine, na imejaa chaji.

Mtulinga umevunjika. Mkono shingoni wiki sita, na ni kidato cha nne huyu. Dada yangu hakunigombeza hata kidogo. Afadhali angenigombeza.

Sa ndo nikaanza kufikiria vizuri hili suala la kuazimisha vitu kati ya baiskeli na baiskeli. Nimegundua tatizo la taa yangu lilikuwa hapohapo nilipokuwa napasifia, pale inapohama kirahisi. Kitu kinachohama kirahisi hakina kwao. Kila ukikihitaji kiko upande wa pili, na ukiwa na haraka unajisemea "leo naenda karibu tu". Taa ikae kwenye baiskeli yake, mbele na nyuma, na rifleka irudishwe. Nimenunua ya pili kwa elfu kumi na mbili. Elfu kumi na mbili, jamani! Nimeshakula kitimoto cha zaidi ya hiyo bila kufikiria mara mbili.

Halafu kuna kufuli, na hili wengi hawalioni. Zikiwa nyumbani zote, mnyororo mmoja unatosha, tena ndo vizuri, unazifunga pamoja na nguzo, mwizi abebe zote mbili na nguzo kama anaweza. Ila ukitoka na moja unaondoka na kufuli, na ile iliyobaki uani inabaki imekaa tu kama mgeni. Jirani yangu mmoja ameliwa hivyohivyo. Alikwenda nayo moja msikitini, kaifunga vizuri, karudi kakuta nyingine haipo. Kwa hiyo makufuli mawili. Chukua yale ya namba, yaweke namba moja yote, huhangaiki na funguo.

Kofia ngumu hapo mi napingana na wale wanaosema kila baiskeli na kofia yake. Kofia haivai baiskeli, inavaa kichwa. Hesabu vichwa vinavyotoka kwa wakati mmoja. Kwangu ni viwili, mimi na mpwa, kwa hiyo kofia mbili, na zingekuwa mbili hata kama baiskeli ni tano. Na ile iliyokwishapigwa chini kwenye ajali usiirithishe mtu. Hata kama kwa nje inang'aa, ndani inaweza kuwa imeshapasuka, na kazi yake imekwisha.

Vingine wala msijichoshe. Solusheni, viraka, msasa na spana weka kwenye mfuko mmoja, uning'inize mlangoni. Tyubu ndo usijidanganye, ya Phoenix ya inchi 28 haiendi kwenye ringi ya 26, nimeshaona fundi anaikunja kama chapati akidhani itakubali. Pampu moja ya kusimama inatosha nyumba nzima, ila angalia mdomo wake. Phoenix yangu ina vali ya zamani ya kipira, ya gia ina vali nene kama ya gari, na jamaa yangu mmoja ana zile nyembamba za baiskeli za mashindano. Kale kavichwa ka kubadilishia ni kadogo kama punje ya karanga, na kakipotea pampu yako inakuwa pambo. Mimi nimekafunga na uzi kwenye mpini.

Kwa hiyo yule msanii wetu, kwenye taa na makufuli nimemuunga mkono, na samahani yangu aipokee hapahapa. Zile saa tatu za kupimia spidi hapana, hapo bado nasema mbwembwe, mwili ni mmoja na saa moja inahama bila kumuua mtu.

Mpwa ameshatolewa ile bandeji. Juzi kaniomba Phoenix aende kwa rafiki yake, mchana kweupe, jua la utosi. Nikamwambia washa taa. Akaniangalia kama nimechanganyikiwa, lakini aliiwasha.