Kujenga Upya Kuna Gharama: Tuulize Nani Anailipa

Mwezi Mei 2016, katika mji wa Newcastle nchini Australia, timu ya raga ya Newcastle Knights ilifungwa 62 kwa 0. Ilikuwa nyumbani, mbele ya watu wake. Msimu huo ilicheza mechi 24, ikashinda moja, ikatoka sare moja na kupoteza 22. Baada ya ushindi wake pekee, wa pointi mbili dhidi ya Wests Tigers, ilipoteza mechi zote 18 zilizobaki. Uongozi ulikuwa na jina la msimu huo: msimu wa kujenga upya.

Ndugu msomaji anaweza kuuliza klabu ya mbali namna hiyo inatuhusu nini, sisi tuliokulia kwenye soka, na ambao raga tunayoijua ni ile ya wachezaji 15 au ya saba kila upande. Inatuhusu kwa sababu ya neno lenyewe. Kujenga upya tunakusikia kila mahali: katika timu ya kijiji, katika chama cha ushirika, katika shule iliyoshuka kwenye matokeo, katika kwaya iliyokimbiwa na waimbaji. Ni neno zuri, na watu wakilisikia hutulia. Maoni yetu ni kwamba tusitulie upesi. Kujenga upya ni kazi ya kweli, lakini ina bili yake, na mara nyingi wanaoilipa si wale walioibomoa nyumba.

Tuanze na mchezo wenyewe. Raga ya ligi ni mchezo wa wachezaji 13 kila upande. Timu yenye mpira ina nafasi ya kuangushwa mara sita; baada ya hapo mpira unakwenda kwa wapinzani. Ulizaliwa kaskazini mwa Uingereza mwaka 1895, pale vilabu vya Huddersfield na miji jirani vilipojitenga na chama cha raga cha nchi hiyo. Chanzo kilikuwa ujira. Wachezaji wengi wa kaskazini walikuwa wafanyakazi wa migodi na viwanda, na kila walipoacha zamu ili wakacheze walikatwa mshahara. Vilabu vyao vilitaka kuwafidia, na wakubwa wa mchezo wakakataa. Kwa hiyo tangu mwanzo mchezo huu ulibeba swali la nani anapata hasara na nani anairudisha.

Newcastle ya Australia ni mji wa namna hiyo hiyo. Uko pwani, kaskazini mwa Sydney, penye mdomo wa mto Hunter, na bandari yake ni kubwa kuliko zote duniani kwa kusafirisha makaa ya mawe. Kiwanda chake cha chuma kilifunguliwa mwaka 1915. Desemba 1989 mji ulipigwa na tetemeko la ardhi, watu 13 wakafa. Mwaka 1997 wafanyakazi walitangaziwa kwamba kiwanda cha chuma kingefungwa, na kweli kikafungwa mwaka 1999. Miezi michache baada ya tangazo hilo, Knights, klabu changa iliyoingia ligi mwaka 1988, iliishinda Manly katika fainali 22 kwa 16, kwa trai iliyofungwa zikiwa zimebaki sekunde chache tu. Mtu aliyekuwa anasubiri kupoteza kazi alipata kitu ambacho hakuna mkurugenzi angeweza kumnyang'anya. Mwaka 2001 wakatwaa ubingwa tena. Nyota wao mkubwa, Andrew Johns, alitoka Cessnock, mji mdogo wa migodi ulio katika bonde hilo hilo.

Sasa, nyumba kama hiyo ilibomokaje? Mwaka 2011 klabu ilikuwa na matatizo ya fedha. Akatokea mfadhili, tajiri wa makaa ya mawe Nathan Tinkler, mwenye ahadi ya kuibeba kwa miaka kumi. Wanachama walipiga kura, na walio wengi mno walikubali kumkabidhi klabu yao. Tusiwacheke. Sisi nasi tunajua jinsi mfadhili anavyopokewa: kwa ngoma, kwa vigelegele, na bila mtu wa kuuliza swali la pili. Akaletwa kocha mwenye jina kubwa kuliko wote nchini humo, Wayne Bennett, na pamoja naye wachezaji wazoefu waliokwisha kung'ara kwingine. Mwaka 2013 timu ilibakiza mechi moja tu kuifikia fainali. Ilionekana dawa imepatikana.

Mwaka 2014 mambo yaligeuka. Fedha za mfadhili ziliyumba, na wasimamizi wa ligi wakalazimika kuichukua klabu mikononi mwao. Mwezi Machi mwaka huo huo kijana wao Alex McKinnon alivunjika shingo uwanjani na hakucheza tena. Bennett akaondoka msimu ulipoisha. Mwaka 2015 timu iliburuta mkia. Februari 2016 Tinkler alitangazwa mahakamani kuwa muflisi.

Hapa kuna jambo la kuelewa. Ligi ya Australia ina kikomo cha mishahara: klabu haiwezi kutumia zaidi ya kiasi kilichowekwa kwa kikosi chake chote. Klabu inayojifunga kwa mikataba mirefu na wachezaji wanaozeeka haiwezi kuamka siku moja ikanunua wengine. Inabidi isubiri mikataba iishe, na inaposubiri inajaza nafasi kwa vijana. Vijana hao ndio walioingia uwanjani mwaka 2016.

Kocha mpya alikuwa Nathan Brown, aliyekuwa ameipa St Helens ya Uingereza ubingwa mwaka 2014. Hakuficha kwamba kazi ingechukua miaka. Alichagua kuwaweka vijana mbele na kukubali vipigo. Miongoni mwao walikuwa mapacha Daniel na Jacob Saifiti, ambao msimu ulipoanza hawakuwa wametimiza miaka 20. Tujaribu kuwaza maisha ya kijana wa umri huo. Kila wiki anapambana na wanaume waliomzidi uzito na miaka kumi ya uzoefu. Kila wiki anaumia, na kila wiki anashindwa. Kesho yake anasoma magazetini kwamba timu yake ni miongoni mwa mbovu kuliko zote zilizowahi kuonekana. Hakuwapo kura ilipopigwa, wala mikataba ile hakuisaini yeye. Bili imeletwa, na jina lililoandikwa juu yake ni lake.

Kwa hiyo hoja yetu ya kwanza ni hii: kiongozi anayetangaza ujenzi mpya ana deni la ukweli kwa wale atakaowatuma mbele. Awaambie ni nini kilichobomoka, nani alikibomoa, na watateseka kwa muda gani. Hilo Brown alilifanya kwa kiasi kikubwa, na tunampongeza. Sisi tunaoishi katika nyumba ya malezi tunalijua jambo hili kwa karibu. Kijana huvumilia mengi akijua sababu. Kinachomvunja ni kuambiwa kwamba udhaifu wa nyumba nzima ni kosa lake.

Hoja ya pili inahusu watu wa jukwaani. Newcastle walikuwa na kila sababu ya kubaki nyumbani. Baada ya msimu ule ulikuja mwaka 2017, na mechi ya kwanza wakapoteza tena, ikawa ya 19 mfululizo. Hata hivyo maelfu waliendelea kuja. Wiki ya pili, wakiwa nyumbani, Knights waliishinda Gold Coast Titans 34 kwa 26, na mji ukashangilia kana kwamba ni fainali. Mwaka huo walishinda mechi tano tu, wakaburuta mkia kwa mara ya tatu mfululizo.

Wapo watakaosema ule ulikuwa ushabiki wa upofu, na kwamba shabiki anayelipa kiingilio hata anapofungwa 62 kwa 0 ndiye anayewapa viongozi wabaya kiburi. Hoja hiyo ina uzito. Shabiki anayekuja bila kuuliza chochote anamsaidia mwizi. Lakini tuangalie walikuja kwa ajili ya nani. Mfadhili alikwisha kuondoka, na kocha wa jina kubwa vilevile. Waliobaki uwanjani walikuwa vijana wa miaka 19 na 20, baadhi yao waliokulia katika viwanja vya jirani. Mtu aliyekaa jukwaani kwenye baridi ya Julai alikuwa anawaambia vijana hao kwamba hawako peke yao. Mtu anaweza kukaa na wanaoumia na wakati huohuo akamdai kiongozi hesabu. Mwishoni mwa 2017 klabu ilipata mwenyeji wa kudumu, Wests Group, taasisi ya vilabu vya kijamii ya hapo hapo Newcastle. Nyumba ilirudi mikononi mwa majirani.

Hoja ya tatu ndiyo inayotugusa zaidi. Brown hakula matunda. Mwaka 2018 walikuja wachezaji wakubwa kama Mitchell Pearce na kijana Kalyn Ponga, timu ikapanda kidogo, lakini mwaka 2019 Brown aliondoka kabla msimu haujaisha, kwa kuwa matokeo hayakutosha. Aliyemfuata, Adam O'Brien, aliifikisha timu kwenye mtoano mwaka 2020, mara ya kwanza tangu 2013. Mwaka 2023 Knights walishinda mechi tisa mfululizo kumaliza msimu wa kawaida, kisha wakawashinda Canberra Raiders 30 kwa 28 katika dakika za nyongeza, uwanja ukiwa umejaa. Mapacha Saifiti, watoto wa kipigo cha 2016, walikuwa bado kikosini, na wote wawili walikwisha kuichezea New South Wales. Brown aliyaona hayo akiwa mbali. Anayepanda mwembe asitegemee kukaa kivulini mwake, na asiyeweza kukubali hilo asishike jembe.

Tusiifanye habari hii kuwa nyepesi. Kuna mambo mawili yanayotupinga, na ni haki kuyataja. Timu ya wanawake ya klabu hiyo hiyo ilipoteza mechi zote tano za msimu wake wa kwanza, mwanzoni mwa 2022. Kabla mwaka huo haujaisha ilikuwa bingwa, ikatwaa ubingwa tena mwaka 2023. Ilisajili wachezaji waliokwisha kukomaa, kama Millie Boyle na Tamika Upton, ikawachanganya na msichana wa miaka 17, Jesse Southwell. Kumbe si kila ujenzi unahitaji miaka mingi ya mateso. Palipo na uwezo wa kuweka wakubwa kando ya wadogo, kuwaacha wadogo peke yao kwa kisingizio cha subira ni uvivu wa kiongozi.

Jambo la pili ni kwamba mwaka 2025 timu ya wanaume iliburuta mkia tena, na O'Brien naye akaondoka. Yale yaliyojengwa hayakudumu. Hilo halituambii kwamba kazi ya 2016 ilikuwa bure. Linatuambia kwamba nyumba ya watu haimaliziki kujengwa. Anayedhani amekwisha kuipaua akapumzika ataamshwa na mvua.

Basi tunarudi kwetu. Siku yoyote tutakapoambiwa kwamba chama chetu, shule yetu au timu yetu iko katika kipindi cha kujenga upya, tusikimbie na tusipige makofi haraka. Tuulize kwanza ni nani aliyebomoa na kama amekiri. Tuulize wanaobeba mzigo wa sasa ni akina nani, wana umri gani, na ni mkubwa gani anayesimama kando yao siku wanapoangushwa. Tuulize kama anayeongoza yuko tayari kuondoka kabla ya mavuno. Majibu yakiwa ya kweli, twende uwanjani hata kama ni kufungwa 62.

Yakiwa ya uongo, vilevile twende. Vijana watakuwa pale pale wakikabiliana na waliowazidi uzito, na hawakuchagua kuwa pale. Lakini siku hiyo tukitoka jukwaani tupitie ofisini, tukadai hesabu.